Mwano wa Ng'washi

Jumanne iliyopita mama mmoja alisimama kwenye meza yangu ya mchele hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akatia mkono kwenye gunia, akanusa, akasema, "Huu ni wa Usangu kweli? Maana watu wa Usangu siku hizi wakorofi, wanachoma magari ya watu." Nikamwambia, mama, rudisha mchele wangu. Akadhani namtania. Nikamshika mkono, nikaufungua kidole kimoja kimoja mpaka punje ya mwisho ikarudi guniani. Wenzangu wa meza za jirani wakacheka, "Tekla, Uhehe umekupanda!" Umenipanda, ndiyo. Mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa, hasira nimezaliwa nazo na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yake. Lakini siku ile yule mama alikuwa anamtukana mkwe wangu bila kumjua, na hilo sikulimeza.

Mkwe wangu anaitwa Ng'washi. Ni mama wa mume wangu Ezekiel, na sisi nyumbani tunamwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Alizaliwa Meatu. Akiwa na miaka kumi na saba alishuka kusini na mumewe Bujiku wakiswaga ng'ombe kwa miguu, miezi minne njiani, na mimba tumboni. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wakamzika kando ya njia huko Chunya, na mchana uleule wakaendelea kutembea kwa sababu ng'ombe walikuwa na kiu. Walipofika bonde la Usangu wakakuta maji na majani, wakajenga, na Ezekiel akazaliwa hapo. Mimi nilimpata Ezekiel sokoni Mlandege, alikuja kuuza mchele. Kwetu walinicheka sana, eti naenda kuolewa na fimbo ya kuchungia. Nikaenda.

Mkono wa kushoto wa Mayu hauna vidole viwili. Wezi wa ng'ombe waliingia zizini alfajiri moja, zamani, Ezekiel akiwa ananyonya. Mayu alishika kamba ya lango akakataa kuiachia, basi mmoja akaleta panga juu ya mkono. Vidole vikaanguka, kamba hakuiachia, na akapiga mwano.

Mwano ni ukelele wa hatari wa Wasukuma, lakini usidhani ni yowe tu. Ukipigwa, kila mwanamume anayeusikia anabeba silaha yake na kukimbilia unakotokea, na huku anakimbia anaupokeza kwa filimbi ili wa mbali nao wasikie. Huulizi kuna nini. Huulizi ni kwa nani, hata kama jana mmegombana. Asiyekwenda anatozwa ng'ombe, na anayeupiga kwa uongo hukumu yake ni kali kuliko hiyo. Siku ile ya vidole wezi wawili walikamatwa kabla jua halijakaa sawa, wakapigwa marungu mpaka hukuweza kujua yupi ni yupi. Mayu alinisimulia hayo tukiwa tunapepeta mchele, sauti ileile ya kusimulia mvua za mwaka fulani.

Kwa hiyo msiniambie watu wa kule hawakuwa na nguvu. Nguvu walikuwa nazo, za kuua. Ila walikuwa nazo kwa mtu mwenye kaptula iliyochanika. Mtu mwenye sare hawakumgusa.

Maana miaka hiyo ya karibuni walianza kuja watu wa sare. Ofisi yao siitaji, kesi yetu bado iko mahakamani, niko nje kwa dhamana, na wakili amenikataza. Walikuja na mawe meupe ya mpaka, wakayapanga porini wakasema ng'ombe wasivuke hapa. Sawa, hatukuvuka. Lakini kila kiangazi mawe yalikuwa yamesogea, na kila yaliposogea yalisogea kwetu. Ng'ombe wanalala ndani ya kijiji, wanaamka wako nje. Mwaka juzi walichukua mifugo ya jirani yetu mmoja wa upande wa mashariki, wakampiga mpaka jicho likatoka. Tukasema alivuka, huyo. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, mtu wa kutoka wilayani akasoma karatasi kwamba mpaka ni pale penye mawe, akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Bujiku akanyoosha, kila mtu akanyoosha. Hata mimi nilinyoosha, nilikuwa nawahi kurudi nimeacha maharage jikoni. Mayu peke yake alikaa na mikono yake mapajani, na watu wakamwona kama mama mwenye kiburi.

Bujiku alikuwa mzee mpole, nawaambia ukweli. "Serikali hushindani nayo," ndiyo ilikuwa kauli yake ya asubuhi na jioni. "Sisi tukae kimya na ng'ombe wetu. Watapita." Mayu alikuwa anamjibu, "Watapita wakielekea wapi?" Mzee anacheka, anaomba maziwa.

Ikafika Septemba. Saa nane mchana, jua linachoma utosi, mimi na Mayu tuko bustanini tunamwagilia nyanya. Ezekiel alikuwa lamboni ananywesha. Tukasikia risasi moja, tukatupa ndoo tukakimbia.

Tulikuta magari mawili na watu tisa wa sare. Dume letu kubwa lilikuwa chini limepigwa shingoni, bado linarusha miguu, damu inaingia kwenye maji na ng'ombe wengine wanayakimbia. Ezekiel amelala kifudifudi, mikono imefungwa nyuma. Kiongozi wao, bonge la mtu mwenye sharubu zilizochongwa vizuri, alikuwa anamwambia, "Mmevuka mpaka." Ezekiel akainua shingo. "Mkubwa, jiwe liko kule nyuma yako. Twende nikuonyeshe." Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kusema jiwe liko wapi. Akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akatema meno mawili mchangani.

Bujiku akaja anahema, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya yule bonge. "Wakubwa zangu, huyu mtoto hana adabu, nisameheni mimi baba yake." Akatugeukia sisi wanawake, macho yamemtoka. "Nyamazeni! Mtaniulia mtoto!" Na mimi nikanyamaza. Yule bonge akamtazama mzee aliyepiga magoti, akatabasamu, akaamuru mguu wa Ezekiel uwekwe juu ya gogo la kunyweshea. Wawili wakaushikilia. Akapanda juu yake na buti zake mara ya kwanza, mguu ukakataa, akapanda mara ya pili. Nilisikia mfupa.

Mayu akapiga mwano.

Nilikuwa sijawahi kuusikia kutoka kinywani mwake. Ulitokea chini kabisa tumboni, ukapanda, ukakaa juu usishuke, mpaka mmoja wa wale askari akaziba masikio. Filimbi ikajibu ng'ambo ya mfereji. Nyingine ikajibu mbali, na nyingine, na haikupita nusu saa vichaka vyote vilitoa watu. Mia mbili, labda zaidi, wana mapanga, pinde, mikuki, wamevua mashati. Wale tisa wakasogea wakagusana migongo. Yule bonge jasho lilimshuka kwenye sharubu. Nilifurahi jamani, nilifurahi vibaya. Nilitaka kuona damu yao na sioni haya kusema.

Kisha akatokea Nkwabi. Huyu ndiye mtemi wa sungusungu pale kijijini, kiongozi wa ulinzi wa wananchi, mtu wa ng'ombe mia tatu na wake wawili, na neno lake likitoka limetoka. Alikuja mbele na upinde mkononi, akaziona sare. Nilikuwa namtazama usoni. Uso ulibadilika palepale, upinde akaubana kwapani kama mwamvuli. "Kumbe ni serikali," akasema. "Sisi tuliitwa tukadhani ni wizi."

Yule bonge akapata pumzi yake. Akapiga risasi juu. "Wekeni silaha chini! Kaeni chini wote, mikono kichwani!"

Wakakaa. Watu mia mbili kwa watu tisa. Wanaume waliozoea kumaliza mwizi kwa marungu walichuchumaa kwenye matope ya ng'ombe na mikono kichwani, na mbele yao Ezekiel alipigwa tena, mbavuni, tumboni, kisha akatupwa garini mguu unaning'inia. Halafu yule bonge akanyoosha kidole akachagua ishirini wamsaidie kuswaga ng'ombe wetu sitini na mbili. Wakainuka wakaswaga. Wakawa wanawapigia na miluzi, kwa sababu ng'ombe wa Kisukuma hawatembei vizuri bila mluzi.

Ezekiel walimtupa barabarani kesho yake. Lori la mchele likamwokota likamleta Mbeya, na hospitali wakaukata mguu chini ya goti, damu ilikuwa haifiki tena na nyama imeshakufa. Nilikaa naye wiki mbili nikilala chini ya kitanda. Ng'ombe hatukuwaona tena hata mkia.

Niliporudi kijijini kubeba nguo zake nilikuta watu wamekaa kwenye uwanja wa sungusungu, na Mayu amesimama katikati. Nikadhani wanampa pole. Wapi! Walikuwa wanamshtaki. Kosa lake, kapiga mwano wa uongo.

"Mwano ni wa wezi," Nkwabi alikuwa anasema. "Wewe mama umetuita mbele ya bunduki za serikali. Wangetumaliza."

"Walichukua ng'ombe wangu," Mayu akamjibu. "Wakavunja mguu wa mwanangu. Wezi wanafanyaje?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Faini ya mwano wa uongo ni dume, na sisi dume hatukuwa nalo. Kwa hiyo Nkwabi, akijiona ana huruma, akasema basi aseme tu mbele ya wote kwamba alikosea, mara tatu, yaishe. Bujiku akasimama akiwa ameshika kofia. "Sema, mke wangu. Neno halina uzito." Mayu akasema, "Sikukosea." Mimi nikapita katikati ya watu, natoka hospitalini bado nanuka dawa, nikampigia mkwe wangu magoti. "Mayu, sema tu. Tutaishije hapa?" Ndiyo, mimi. Hasira zangu zote za Mlandege na hilo ndilo nililoweza.

Akanitazama. "Na wewe, Tekla? Mguu ni wa mume wako."

Nilimchukia kidogo dakika ile, nimeungama hata kwa padri. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amesimama na mimi nimepiga magoti.

Wakamtenga. Kutengwa kwa Wasukuma ni kifo cha mtu anayepumua. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kumsagia mahindi, akiugua hatazamwi. Na akipiga mwano hakuna kwenda. Nkwabi akaongeza na amri mpya akaipigisha kura ya mikono, kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote atakayepiga mwano kwa ajili ya watu wa sare naye atatengwa vilevile. Mikono ikapanda. Yangu haikupanda, lakini wala sikusema neno.

Kisimani wanawake walimsubiri. Devota, mke mkubwa wa Nkwabi, alimnyang'anya ndoo akaipasua kwa jiwe, kisha akampiga na kipande chake usoni. Mayu akapasuka juu ya jicho. Wengine wakampiga makofi, wakamsukuma akaanguka kwenye tope, na wote aliwahi kuwazalisha, maana ndiye aliyekuwa mkunga wa kitongoji kizima. Akainuka, akaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Bujiku alikuwa analala nyumba moja naye, lakini nje alipita kama hamjui, na chakula cha mchana akawa anakula kwa watu. Nilimsikia Mayu akimwambia siku moja, taratibu tu, "Mimi nilikufuata miezi minne kwa miguu, Bujiku." Mzee akatoka nje.

Novemba, mvua bado, Ezekiel angali hospitalini Mbeya na mimi nimerudi kijijini, watu wa sare wakaja kwa Nkwabi.

Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai. Boma la Nkwabi linaonekana kutoka uani kwetu, kuna uwanda tu wa majaruba makavu ya mpunga katikati. Gari moja, watu sita, na yule bonge mbele yao. Tukamwona Nkwabi anatoka na kofia mkononi, anawapokea vizuri, anataka hata kuwapa mkono. Baadaye tulikuja kusikia aliwaambia, "Mimi ndiye mtemi hapa, tunashirikiana." Wakampiga kitako cha bunduki, taya likahama upande. Wakafungua zizi. Mwanawe mkubwa alishika lango, akapigwa risasi ya paja. Na Devota alikuwa amesimama mlangoni kwake, anaona yote hayo, na mwano hakuupiga. Angeupiga vipi? Amri ilikuwa ya mumewe mwenyewe.

Mayu akaupiga.

Ulipanda kama ule wa kwanza. Filimbi haikujibu hata moja. Niliona mlango wa jirani ukifungwa polepole, mtu anauvuta kwa ndani usitoe sauti. Akaupiga tena, kimya, akachukua fimbo yake ya kuchungia akaanza kwenda.

Nikamshika kitenge kwa nyuma. "Mayu, unakwenda wapi? Hao ndio waliokupasua uso! Hao ndio waliokutenga!"

"Mwano umepigwa, nakwenda."

"Umeupiga wewe mwenyewe!"

"Basi nimeusikia wa kwanza. Niachie nguo, Tekla."

Sikumwachia. Akafungua fundo la kitenge kiunoni, akaniachia nguo mkononi, akaenda na gagulo, mama wa miaka sitini, anakimbia juu ya majaruba. Nilibaki na kitenge chake kina joto lake bado. Aibu iliyonipata sijawahi kuipata tena wala siitaki. Nikakimbia. Mwano siujui, sikuzaliwa nao, basi nikapiga nilichokijua, yowe tunalolia kwetu maiti inapotolewa ndani, nikalipiga kwa nguvu zote nikimfuata.

Katikati ya uwanda mtu akanipita. Bujiku. Miguu yake miembamba ile, panga mkononi, hakutugeukia. Akafika kabla yetu. Askari aliyekuwa ameshika bunduki karibu na zizi akageuka, na Bujiku akamkata mkono hapa, juu ya kiwiko. Mwenzake akampiga mzee risasi ya kifua. Akaanguka kifudifudi, akajaribu kuinuka kwa mikono, akapigwa ya pili.

Mayu hakusimama. Aliruka mguu wa mumewe, akampiga aliyefyatua kwa fimbo juu ya kifundo cha mkono, bunduki ikaanguka, akaipiga teke kwenye mfereji. Ndipo nikasikia filimbi. Moja, halafu tano, halafu zikawa hazihesabiki. Mpaka leo naamini walikuwa wamesimama nyuma ya milango yao na silaha mkononi tangu mwano wa kwanza, kila mmoja anasubiri mwingine atangulie. Mzee aliyewapigia magoti watu wa sare ndiye aliyetangulia.

Safari hii hakuna aliyekaa chini. Risasi zilipigwa, mtu akaanguka, wengine wakamruka. Askari wakatupa bunduki wakakimbia majarubani. Gari likachomwa. Yule bonge mwili ulimwelemea, akakwama kwenye tope la mfereji mpaka magotini, na hapo wakamfikia. Wakamvuta nje wakaanza. Ni walewale waliochuchumaa Septemba, na sasa kila mmoja alitaka rungu lake limguse. Sikio lilining'inia. Alikuwa anaita mama yake. Wanawake nao walikuja na michi ya kutwangia, Devota akiwa mbele, na mimi nilikuwa nimeokota jiwe. Mkono wangu ulikuwa juu.

Mayu akajitupa juu yake. Akamfunika mwili wote, mgongo wake ukapokea marungu mawili matatu kabla watu hawajaelewa. "Tokeni!" akapiga kelele. "Tokeni! Huyu ni wangu! Akifa leo nitamshtaki nani? Nani atasema habari ya mguu? Nani atasema habari ya Bujiku? Tokeni, mbwa nyie, niliwaita wakati ule mkakaa chini!"

Devota ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka mchi chini. Nkwabi, taya limening'inia na damu kifuani, alinyoosha mkono na watu wakarudi nyuma. Jiwe langu likaanguka lenyewe.

Wakamfunga yule bonge kwenye nguzo ya banda. Mayu akampa maji, akakaa karibu yake na fimbo mapajani asije mtu akammaliza, na Bujiku amelala hatua kumi kutoka hapo amefunikwa kile kitenge. Hakumlilia. Alikaa akimlinda mtu yule tangu asubuhi mpaka saa tisa.

Saa tisa yakaja magari manne ya polisi kutoka mjini. Afande mmoja mwenye miwani akashuka, ana karani wake na daftari, akauliza swali moja tu. "Nani alipiga mwano?"

Kidole kimoja kikanyooka, nacho ni cha mtu ambaye asubuhi alikuwa anachoma gari. Kingine kikafuata. Vikawa vingi, vyote vinamwonyesha Mayu.

"Ni mimi," Mayu akasema, akainuka kwa kushikilia fimbo. "Na mshitakiwa wenu huyu hapa. Nimewatunzia. Huyu alimvunja mwanangu mguu, na watu wake wameniulia mume. Yuko hai, anaweza kujibu."

Wakamfungua yule bonge kamba, wakamfuta damu, wakamkalisha kiti cha mbele cha gari na dirisha wakamfungulia apate hewa. Pingu wakamfunga Mayu. Kwa sababu mkono wa kushoto umekonda upande wa vidole visivyokuwepo, pingu ikawa inateleza, ikabidi waibane mara mbili.

Afande yule hakuwa mtu mbaya wa sura. Alimwendea karibu akasema kwa upole kabisa, "Mama, wewe ni mtu mzima, na una msiba. Sema hapa mbele ya watu wako kwamba ulikosea, hasira zilikuzidi ukawachochea. Karani aandike, nikuache umzike mume wako."

Mayu akageuka akamtazama Bujiku chini ya kitenge. Hapo ndipo machozi yalimtoka, yakashuka hakuyafuta maana mikono haikuwa yake. "Sikukosea," akasema. "Mzikeni vizuri. Mwano ulipopigwa alikuja."

Wakampandisha nyuma ya gari. Niliwatazama watu wote wale wanatazama ardhi, nikamkumbuka Ezekiel kitandani Mbeya anaangalia mahali palipokuwa na mguu. Nikaenda kwa karani. "Andika na mimi. Tekla. Nilipiga yowe kutoka pale mpaka hapa, wote walinisikia." Afande akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sijui, andika. Nikapandishwa, nikakaa karibu na mkwe wangu. Alinisogezea goti likagusana na langu.

Dereva alikuwa ameshawasha gari Devota alipokuja, kanga yake imelowa damu ya mwanawe. Akamshika karani daftari.

"Na mimi."

"Wewe nawe ulipiga mwano?"

"Sikupiga. Nilifungua mdomo nikaufunga. Andika hivyohivyo."

Karani akamtazama afande, afande akatikisa kichwa. "Mama, hilo si kosa. Hakuna kosa la hivyo."

"Lipo," Devota akasema. Akapandisha mguu kwenye chuma cha nyuma, hakuna aliyemshika mkono wala kumsukuma, akatuambia tusogee.